Tezi ya Shingo, Chumvi, na Matarishi wa Mwili

Wasomaji waliozaliwa kando ya Mlima Elgon, iwe upande wa Bungoma au upande wa Kitale, bila shaka wamepata kumwona bibi mzee mwenye uvimbe shingoni, pengine mkubwa kama embe, pengine kama kibuyu kidogo cha maziwa, ambao ameuchukua miaka mingi bila maumivu makali. Uvimbe huo kwa Kiswahili huitwa rovu. Siku hizi ni nadra kuuona kwa watoto, na vijana wengi wa shule hawalijui hata jina lake. Lakini nyanya yangu, ambaye sisi Wabukusu twamwita kukhu, alikuwa nalo, na mimi nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba kila mwanamke akizeeka huota rovu kama aotavyo mvi. Siku moja nilimwuliza, "Kukhu, kitu hicho shingoni ni nini?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, haya ni maneno niliyoyameza katika nyumba hii."

Jibu hilo sikulifahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mtoto wake wa mwisho, yaani senge yangu, alizaliwa hasikii wala hasemi, na hakukua akapita kimo cha mtoto wa miaka kumi. Watu wa ukoo walisema kuwa mama yake alileta laana kutoka kwao. Wengine wakasema kwamba amerogwa, na rovu lile likatajwa kuwa ndilo ushahidi. Kukhu hakuwajibu. Aliendelea kulima na kulea.

Mwaka huu mke wangu, ambaye ni mja mzito, alipokwenda kliniki hapa Kitale, muuguzi alimwuliza swali lililonishangaza: "Nyumbani mwapikia chumvi gani?" Nilidhani hilo ni swali la mwenye duka, si la hospitali. Nikaanza kuuliza na kusoma, na kwa msaada wa tabibu mmoja aliye rafiki yangu nikapata habari nitakazozieleza hapa. Mimi si mganga, ni karani wa serikali; lakini nimeona kwamba mambo haya si magumu kwa mtu aliyezoea kazi ya ofisi, kwa kuwa mwili wa binadamu nao una ofisi zake, barua zake na matarishi wake.

SIMU NA BARUA

Ofisi yoyote kubwa ina njia mbili za kupeleka amri. Jambo la haraka hupelekwa kwa simu, na jambo la kudumu huandikiwa barua. Mwili hufanya vivyo hivyo. Ukikanyaga mwiba shambani, habari hupita katika mishipa ya fahamu kama simu, na mguu umekwisha inuka kabla hujasema neno. Lakini mtoto kukua, kijana kuota ndevu, msichana kuvunja ungo, mwili kupata joto lake asubuhi na jioni, hayo hayaamriwi kwa simu. Huamriwa kwa barua ziitwazo homoni, na ofisi ziandikazo barua hizo huitwa tezi.

Tezi ziko za namna mbili. Ziko zile zenye mifereji, kama zile za mate na za jasho, ambazo humwaga maji yake mahali yanapohitajiwa. Na ziko zisizo na mfereji wowote, ambazo humimina kazi yake ndani ya damu inayopita. Damu ndiye tarishi. Huyu tarishi hachagui nyumba. Huipitisha kila barua mbele ya kila mlango mwilini, tangu unyayo hata utosi, lakini mlango ufungukao ni ule tu wenye kufuli ilinganayo na barua ile. Ndiyo sababu homoni moja yaweza kutoka kichwani na kutenda kazi kwenye matiti, wala isiliguse goti iliyolipita njiani.

Jambo hili halikujulikana zamani. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walitaka kujua kongosho hupataje habari kwamba chakula kimeingia katika utumbo, hata likamwaga maji yake ya kusagia chakula. Watu wote waliamini kuwa habari hupitia mishipa ya fahamu. Basi wakaikata mishipa yote iendayo kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi katika kipande hicho. Kongosho likamwaga maji yake kama kawaida! Simu ilikuwa imekatwa, na habari imefika. Kwa hiyo ilikuwa imepelekwa na damu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1905, Starling alilitumia jina la homoni, alilolipata katika lugha ya Kiyunani, nalo maana yake ni kuamsha au kusukuma mbele.

Mkulima wa Trans Nzoia aweza kuona mambo haya bila kukata kitu, akiwa amekaa juu ya kigoda na ndoo katikati ya magoti. Ng'ombe akioshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, au ndama akikipiga kwa pua, habari huenda kwenye ubongo kwa simu. Nayo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo humimina homoni iitwayo oksitosini. Baada ya dakika moja hivi barua hiyo hufika kwenye kiwele, na maziwa hushuka. Lakini akija mbwa akibweka, au mkamaji akimchapa ng'ombe kwa fimbo, tezi nyingine mbili, zilizokaa juu ya figo kama kofia, humimina adrenalini, ambayo ni barua ya hatari, na maziwa huzuiwa. Watu husema ng'ombe yule ana hila. Hana hila hata kidogo. Barua mbili zimegongana, na ile ya hatari imetangulia.

Adrenalini hiyo hiyo ndiyo ikupigishayo moyo ukikutana na nyoka katika mahindi. Ini huamriwa litoe akiba ya sukari, damu hupelekwa kwenye misuli, nawe wakimbia mbio ambazo siku nyingine usingeziweza.

Ziko homoni nyingi, na gazeti zima lisingetosha kuzieleza. Insulini, itokayo katika kongosho, huziamuru nyama za mwili ziipokee sukari iliyo katika damu. Ikikosekana, ndipo mtu hupata ugonjwa wa kisukari. Kabla ya Frederick Banting na Charles Best kuipata insulini huko Toronto mwaka 1921, mtoto aliyekosa homoni hiyo kabisa alikuwa hana tumaini. Mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, ndiye aliyedungwa sindano ya kwanza, Januari 1922. Na figo zetu sisi tukaao Kitale, mahali palipo juu ya bahari kiasi cha mita 1,900, humimina homoni iamuruyo damu iongezwe chembe nyekundu, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa. Wengine husema ndiyo mojawapo ya sababu za wakimbiaji wetu kushinda, ingawa mimi naona mazoezi yao ya alfajiri yapewe heshima yake pia.

Lakini nilianza na shingo ya kukhu, na sasa nirudi huko.

MTUMISHI ASIYE NA MALIGHAFI

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Kwa mtu mzima uzito wake ni gramu 20 hivi. Tezi hii ndiyo itawalayo mwendo wa mwili mzima, kama mtu ashikaye utambi wa taa. Ikimimina homoni kidogo mno, taa huwaka hafifu: mtu huona baridi hata wakati wa jua, huwa mzito na mwenye usingizi, ngozi hukauka, nywele hupukutika, na mawazo huja polepole. Ikimimina nyingi mno, taa hutoa moshi: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, mtu hula sana na bado hukonda, na wengine macho hutokeza nje.

Ili kufanyiza homoni yake, tezi hii yahitaji kitu kimoja ambacho mwili hauwezi kukitengeneza wenyewe, nacho ni iodini, ambayo jirani zetu wa Tanzania huiita madini joto. Kiasi kihitajiwacho ni kidogo ajabu. Uichukue gramu moja, uigawe mara milioni moja, kisha utwae sehemu 150 tu: hiyo ndiyo posho ya mtu mzima kwa siku moja. Mama mja mzito huhitaji sehemu 250. Nimepiga hesabu, nikaona kwamba mtu akiishi miaka 70 atakuwa ametumia gramu 4 hivi, ambazo hazijazi kijiko kimoja cha chai.

Sasa tuone yatokeayo posho hiyo isipokuja. Ile tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo si kubwa kuliko njegere, ndiyo mkubwa wa ofisi. Kazi yake mojawapo ni kupima kama homoni ya shingoni yatosha katika damu. Ikiona imepungua, huandika barua: "Ongeza kazi." Tezi ya shingo hupokea barua, nayo hutii, lakini itafanyaje kazi bila malighafi? Mkubwa huona bado homoni haitoshi. Huandika tena, na tena, kila siku, mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka. Mtumishi maskini, asiyeweza kujibu kwamba ghala ni tupu, hufanya lile moja aliwezalo: huongeza vyumba vya kazi. Hupanuka ili aweze kuinasa hata chembe ndogo ya iodini ipitayo katika damu. Kupanuka huko ndiko rovu.

Nilipolifahamu jambo hili niliweka kitabu chini, nikakaa kimya kwa muda. Karani yeyote aliyepata kuletewa barua za kukumbushwa juu ya kazi isiyowezekana atanielewa. Uvimbe ule tuliouona sisi kuwa aibu au ushahidi wa uchawi, kumbe ulikuwa kazi ya tezi iliyojitahidi kuliko zote.

MLIMA, MVUA NA NDOVU

Basi kwa nini rovu likawa kwa wingi huku kwetu, wala si Lamu au Malindi? Iodini nyingi ya dunia imo baharini, na samaki wa baharini na mimea ya baharini wanayo. Katika nchi kavu iodini hukaa kidogo katika udongo wa juu, na mvua kubwa za milimani huiosha karne hata karne. Maji ya Elgon na Cherangani huteremka kwa Mto Nzoia hadi Ziwa Victoria, na yale ya Suam hushika njia ya kaskazini kwenda Turkana. Nayo hayarudishi kitu walichochukua. Mahindi yaliyopandwa katika udongo uliooshwa hivyo huwa mazuri kwa macho, hujaza ghala na kuleta fedha, lakini iodini yake ni haba. Ng'ombe alaye majani ya udongo huo naye hutoa maziwa yenye iodini haba.

Kwamba mlima wetu umeoshwa chumvi, hata wanyama wanajua. Umbali wa kilomita kama 27 kutoka Kitale liko lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon, na ndani ya hifadhi hiyo iko pango liitwalo Kitum, lililoingia mlimani kiasi cha mita 200. Ndovu wa Elgon huingia humo usiku, katika giza tupu, wakipapasa njia kwa mkonga, nao huchimba kuta kwa pembe zao na kuyasaga mawe kwa magego ili wapate chumvi. Nyati na paa nao huja kulamba mabaki. Wazee wa Kisabaoti walikuwa wakiingiza ng'ombe wao katika mapango ya namna hii kwa sababu hiyo hiyo. Lakini msomaji asikosee hapa: chumvi itafutwayo na ndovu ni ya namna nyingine, ya sodiamu, wala haiwezi kuponya rovu la mtu.

Wala maji ya majivu hayawezi. Mama zetu huchoma mabua ya maharagwe, huyachuja majivu, na maji yake huyatia katika mboga ngumu ili zilainike. Waluhya huyaita munyu. Mimi nayapenda, na kunde zisizotiwa munyu naona hazijapikwa. Lakini zamani nyumba nyingine zilitumia hayo badala ya chumvi ya dukani, na iodini yake si ya kutegemewa. Kitu kimetoka katika udongo uliokosa iodini. Moto utaitia kutoka wapi?

Muhogo nao una neno lake. Ukiliwa kila siku bila kulowekwa wala kukaushwa vema, sumu yake mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia iodini isiingie katika tezi. Jambo hili lilichunguzwa sana katika kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, huko Kongo ya mashariki, tangu miaka ya 1960. Watu wa kaskazini ya kisiwa na watu wa kusini wote walikosa iodini, lakini rovu lilizidi sana kaskazini, na madaktari waliona kwamba muhogo ulikuwa miongoni mwa sababu. Hii si hukumu ya kuuacha muhogo. Mtu apataye iodini ya kutosha hadhuriwi nao kwa njia hii, mradi uandaliwe kama wazee walivyofundisha.

WASWISI WALIKUWA KAMA SISI

Tusidhani kwamba rovu ni aibu ya Waafrika. Waswisi, wakaao katika milima ya Ulaya, walijulikana kwa rovu hata wasafiri wakawacheka. Huko Bern daktari Theodor Kocher aliwapasua maelfu ya watu, naye alikuwa hodari hata akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1883, alitangaza jambo lililomhuzunisha: baadhi ya wale aliowaondolea tezi yote walipona kidonda, kisha wakawa wazito, wenye baridi na wenye akili iliyolala. Hapo ndipo watu walipoanza kufahamu kwamba tezi ile si nyama ya bure. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle, akamdunga mwanamke mmoja mwenye ugonjwa huo maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Mama yule akaamka kama mtu aliyetolewa kaburini, akaishi miaka 28 zaidi, na tezi za kondoo alizotumia katika muda huo zilipita 870.

Iodini yenyewe ilikuwa imevumbuliwa mwaka 1811 na Mfaransa Bernard Courtois, katika majivu ya mimea ya baharini. Mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva alianza kuwanywesha watu wenye rovu, na wengi walipata nafuu, lakini wengine walipewa nyingi mno wakadhurika, na dawa ikachukiwa. Haikueleweka sababu ya kufaa kwake mpaka mwaka 1895, Mjerumani Eugen Baumann alipoikuta iodini ndani ya tezi yenyewe. Mwaka 1922 Waswisi wakaanza kuitia kidogo kidogo katika chumvi ya kula, na mwaka 1924 watu wa Michigan, Marekani, wakafuata. Walichagua chumvi kwa akili: tajiri huila na maskini huila, kila siku, kwa kiasi kisichobadilika sana, na mtu hawezi kuizidisha mno kwa kuwa ulimi utamkataza.

Kwetu, madaktari waliopima watu katika nchi za juu za Afrika Mashariki wakati wa miaka ya 1960 walikuta rovu kwa wingi sana. Mwaka 1978 sheria ya Kenya ikaamuru kwamba chumvi ya kula itiwe iodini. Chumvi yetu nyingi hukaushwa kwa jua huko pwani, sehemu za Gongoni na Marereni. Msomaji atauliza: ikiwa yatoka baharini, si inayo iodini tayari? Nami niliuliza hivyo hivyo. Jibu ni kwamba maji yakikauka iodini ibakiayo katika chumvi ni kidogo mno, haifai kitu. Sharti itiwe kiwandani. Mwaka 1994 watoto wa shule walipopimwa, rovu lilionekana kwa watoto kama 16 katika kila 100. Tangu hapo limeendelea kupungua.

Kukhu alizaa watoto wake wote kabla ya sheria ile.

ALIYEKUWA TUMBONI

Sasa nifike mahali ambapo ni pazito kwangu. Rovu lenyewe, tabibu aliniambia, si ndilo dhara kubwa. Mtoto aliye tumboni, kwa miezi ile ya kwanza, hana tezi ifanyayo kazi. Ubongo wake hujengwa kwa homoni za mama. Mama akiwa hana iodini kabisa, barua za ujenzi hazifiki. Mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, mfupi, mwenye miguu isiyonyooka na akili iliyofungwa. Hata pale upungufu usipokuwa mkubwa kiasi hicho, mtoto huweza kupoteza sehemu ya akili yake, asiwe mgonjwa machoni pa watu, ila tu mwalimu aseme kwamba ni mzito wa kufahamu. Na nyumba iliyojengwa vibaya msingi haitengenezwi kwa kupaka chokaa; chumvi atakayopewa baadaye haitayarudisha yaliyopotea.

Nilimweleza tabibu habari za senge. Alisikiliza, akauliza juu ya kimo chake na masikio yake, akasema, "Siwezi kukuapia bila vipimo, na mengine husababisha uziwi, lakini mama mwenye rovu, mtoto namna hiyo, katika mlima ule, na katika miaka ile... Huenda ndiyo hiyo." Kukhu alikwisha fariki, na wale waliosema habari za laana wengi wao wamekufa pia. Nilimweleza baba yangu. Aliangalia chini muda mrefu, kisha akasema tu, "Chumvi?"

YA JIKONI

Basi nirudi kwenye swali la muuguzi. Tuchukue kilo moja ya chumvi iliyotiwa miligramu 30 za iodini. Mtu akila gramu 5 za chumvi hiyo kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, atapata ile posho yake ya sehemu 150 kamili. Kwa hiyo hakuna haja ya kula chumvi nyingi ili kupata iodini. Wenye shinikizo la damu wasitumie habari hii kuwa udhuru. Mja mzito, ambaye posho yake ni kubwa zaidi, asijiongezee chumvi wala asijinunulie dawa ya iodini kwa shauri lake mwenyewe. Aulize kliniki, maana iliyozidi nayo humdhuru mtoto.

Lakini iodini iliyotiwa kiwandani si lazima ifike chunguni. Chumvi ikiachwa wazi, mahali penye unyevu au karibu na moto, hupotewa na iodini kidogo kidogo. Na jikoni kwetu kopo la chumvi limewekwa wapi miaka yote? Juu ya mafiga, katika moshi, halina kifuniko, ili isishikane kwa ubichi! Afadhali ikae katika chombo chenye kifuniko, mbali na joto, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Tena wako watu ambao, ili kuokoa shilingi chache, hununua chumvi ya ng'ombe kwa gunia na kuila wenyewe. Chumvi hiyo ilitengenezwa kwa mifugo. Mnunuzi hana hakika iwapo iodini imo, wala ni kiasi gani. Sokoni, paketi isiyo na maandishi juu ya iodini iachwe hapo hapo.

Mwenye uvimbe shingoni asidhani kwamba kila uvimbe wa hapo ni rovu la chumvi. Mwingine ni wa tezi izidishayo kazi, mwingine ni wa ugonjwa mbaya uhitajio kukatwa mapema. Rovu la siku nyingi, hasa kwa mzee, akipewa iodini nyingi kwa ghafla laweza kuupigisha moyo mbio kwa hatari. Hospitalini damu hupimwa, na mtu ambaye tezi yake imechoka hupewa kidonge cha homoni yenyewe, ambacho hugharimu kidogo kuliko kuku wa mganga wa ramli. Haihitajiki tena kuwachinja kondoo 870.

Senge yangu bado yu hai, nyumbani kwetu Bungoma, na ndiye ashikaye jiko. Nilipokwenda siku ya mapumziko pamoja na mke wangu nilijaribu kumweleza kwa ishara zile tulizozizoea tangu utotoni: chumvi, moto, hapana, chumvi, kifuniko, ndiyo. Alinitazama kama mtu aonaye mwanamume akiingilia mambo ya jikoni, na sikujua kama ameelewa. Juma lililofuata tulifika tena, nikalikuta kopo limeondolewa juu ya mafiga, limefunikwa kwa sahani, liko rafuni upande wa mlangoni. Aliponiona nikilitazama aliigusa shingo yake kwa kidole, mahali palipokuwa rovu la mama yake; kisha akalionyesha tumbo la mke wangu, akarudi kupepeta maharagwe yake.